Mpima Makofi na Kanga ya Saba

Nchi yetu ya Pembejani haimo kwenye ramani. Wageni hudhani ni kwa sababu ya udogo wake. Ukweli ni kwamba Waziri wa Ramani aliagiza jina letu liandikwe kwa herufi kubwa kuliko za bahari, wachoraji wakakosa nafasi, wakaona heri watuache. Nasi hatukulalamika. Kulalamika kwetu kuna fomu yake, na fomu zilikwisha tangu mwaka wa njaa ya kwanza.

Mimi ni raia mtiifu. Naitwa Athmani Pazi, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa Mpima Makofi Mkuu katika Idara ya Makofi, Wizara ya Furaha ya Umma. Msicheke. Kwenu watu hupiga makofi ovyo, kila mtu na viganja vyake. Kwetu makofi ni mali ya taifa. Sheria inasema wazi kwamba hakuna kiumbe atakayepigiwa makofi kwa muda unaozidi ule wa Mtukufu Kiongozi wa Kudumu, yaani dakika kumi na moja. Kwa nini kumi na moja? Kwa sababu siku walipojaribu, ilipofika dakika ya kumi na mbili wazee wa mstari wa mbele walianza kuanguka, na wa kwanza kuanguka alikuwa mwenyekiti wa tume iliyotunga sheria yenyewe.

Kazi yangu ni rahisi kueleza. Kando ya kila jukwaa pana kiti kirefu cha mbao. Juu ya kiti nakaa mimi, na saa ya shaba shingoni. Kanuni ya nne inaniamuru niligeuzie jukwaa mgongo na kuitazama hadhira, nisije nikapendezwa, nikapiga makofi mwenyewe, nikajipima. Kwa hiyo nimehudhuria hotuba mia nane, harusi za mawaziri, mashindano ya kwaya na mazishi mawili ya kitaifa, na sijaona hata kimoja. Nimeona nyuso za walioona. Meno ya nchi nzima nayajua, yaliyong'oka na yaliyobaki.

*

Sasa nije kwa mke wangu. Somoe alikuwa na sauti ambayo majirani walifungua madirisha kuisikiliza akifua. Mwaka jana wasanii wa Ukumbi wa Fahari wakaandaa mchezo wa nyimbo, wakauita Nguo Saba. Habari yenyewe ni ya kilabu kimoja cha zamani, ambako wanawake walicheza ngoma ya kuvua kwa mzaha: manyoya ya mbuni, tarumbeta, macho ya kurembua, na mabwana wakubwa wakija kucheka na kuondoka wamechekwa wao. Malkia wa kilabu ni Bi Chaudele. Anaingia amejifunga kanga saba, moja juu ya nyingine. Kila wimbo anavua moja, na kila kanga ina jina lake, yale maneno yaliyochapwa karibu na pindo, na hadhira huyasoma pamoja kwa sauti. Sita zinavuliwa. Ya saba inabaki mwilini, pazia linafungwa.

Bi Chaudele akawa Somoe.

"Utabaki na ngapi?" nilimwuliza, naye anapepeta mchele.

"Moja."

"Moja ni chache."

"Siku ya harusi nilikuja na moja, mbona hukulalamika?"

"Siku ile mtazamaji nilikuwa peke yangu."

Akauweka ungo chini. "Basi njoo utazame, Athmani. Miaka kumi nimeimba Kwaya ya Shukrani, wewe uko palepale kwenye kiti chako, hujaniona nikifungua mdomo hata siku moja."

"Kanuni ya nne," nikasema.

"Ehee. Kanuni ya nne." Akauchukua ungo wake.

Sikuwa na wivu. Niliuliza tu, kama mtumishi wa umma, mstari wa mbele utakaliwa na nani.

*

Michezo yetu huanza saa tisa alasiri, maana Wizara haiamini furaha ya gizani. Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Kutoka kitini nilimwona hakimu wa wilaya, aliyewaambia watu yuko mahakamani. Nilimwona fundi wangu wa cherehani. Nilimwona Mshamu muuza samaki, amejipaka manukato juu ya vumba. Mke wa hakimu naye alikuwapo, lakini huyo sikumtilia maanani.

Tarumbeta ikalia nyuma yangu. Kanga ya kwanza ikaanguka, na ukumbi mzima ukasoma: "Ukiona changu kizuri, chako kiko wapi?" Naibu Waziri wa Ardhi akainamisha kichwa. Ya pili ikaanguka: "Tumbo kubwa si heshima." Waziri wa Chakula akafunga vifungo vya koti. Kila jina likamkuta mwenyewe, na ambaye halikumkuta akacheka kwa niaba ya jirani. Nilihesabu midomo iliyokuwa wazi, nikafika mia mbili na kumi. Wa hakimu ulihesabika mara mbili.

Kisha ikaanguka ya sita, na ngoma ikanyamaza. Somoe akaimba peke yake wimbo mmoja wa polepole. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijapata kukiona katika kazi hii. Shingo zote za ukumbi zilinyooka upande wa kiti changu. Hakimu alipanda juu ya kiti. Mshamu alimkanyaga fundi cherehani begani, na fundi hakulalamika, kwa sababu naye alikuwa amemwegemea mtu. Wote walikodoa macho kwenye kitu kilichokuwa nyuma yangu, mkono wangu wa kulia, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya udi wa nyumbani kwangu.

Nilijua wanachotafuta. Mwanamume ni mwanamume. Basi niseme kweli, kwa kuwa hapa hakuna wa Wizara: nilikuwa na wivu. Nilikuwa nao mpaka kooni. Niliwachukia wote kwa majina. Nilimchukia fundi aliyenishonea suruali niliyovaa.

Pazia lilipofungwa wakapiga makofi, nikabonyeza saa. Walipoacha ilikuwa dakika ya kumi na tisa.

Inafaa mjue desturi ya Idara. Sisi huandika kumi. Watoto wa shule wakipigiwa kumi na tatu, tunaandika kumi. Jemadari akipigiwa nusu dakika na mtu mmoja aliyekuwa anaua mbu, tunaandika kumi. Kufanya hivyo tunakuita kuweka sawa, na mtu hupandishwa cheo kwa kuweka sawa vizuri. Mimi nilipandishwa mara tatu.

Siku ile nilikaa na fomu mapajani, nikauona mdomo wa hakimu. Nikaandika kumi na tisa. Ilikuwa ripoti ya kwanza ya kweli tangu Idara ianzishwe.

*

Kesho yake niliitwa na Waziri wa Furaha ya Umma, Mheshimiwa Luhende Magoti, mtu mwenye sauti ya kufungulia mikutano hata anapoomba chumvi.

"Ndugu Pazi, hiki ni nini?"

"Kumi na tisa, Mheshimiwa."

"Kusoma najua. Nauliza inafanya nini humu."

"Ndivyo ilivyokuwa, Mheshimiwa."

"Ilivyokuwa!" Akaishika fomu kwa ncha za vidole. "Tangu lini Idara inaandika ilivyokuwa? Una homa?"

Alitaka kuichana, lakini nakala ilikwisha kufika Ikulu. Kwetu nakala hutangulia, barua yenyewe hufuata ikiwa kuna haja. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimesimama mbele ya Mtukufu.

Alikuwa amevaa vyeo vyake vyote, kama ilivyo kawaida yake. Joho la Udaktari, alilopewa na chuo alichokijenga, lilikuwa juu kabisa. Chini yake koti la Jemadari lenye nishani hadi kiunoni, na chini ya koti mishipi na mashali ya vyeo vingine. Ni marufuku kumtazama Mtukufu usoni. Macho huishia kwenye nishani, hata ya walinzi wake, na ndiyo maana zinang'arishwa kila siku.

"Walipiga kwa viganja viwili?" ziliuliza nishani.

"Viwili, Mtukufu."

"Na mimi hunipigia kwa viwili?"

"Kikosi cha Makofi hupiga kwa viwili, Mtukufu. Raia wengine huwa wameshika vitu."

"Vitu gani?"

"Vikapu, Mtukufu. Na wengine hushikana wenyewe kwa wenyewe wasianguke."

"Huyo mwanamke anawafanyia nini?"

"Anavua kanga, Mtukufu. Sita."

"Anavua!" Sauti ikamkatika. "Mimi nimewavika, Pazi. Nimewavika shule, nimewavika barabara, nimewavika bendera mpaka kwenye masanduku ya barua. Nao wanampigia anayevua."

Nilisikia akivuta kamasi. Nikamwonea huruma ya dhati, kwa kuwa mimi na yeye tuliugua ugonjwa mmoja.

Jioni redio ikatangaza Azimio la Mavazi, mara tatu, na katikati muziki wa jeshi. Kuanzia siku hiyo, hakuna msanii atakayevua kitu chochote jukwaani. Bi Chaudele atavaa.

*

Somoe akatii. Siku ya pili aliingia na ile ya saba peke yake, akaimba wimbo wake wa polepole, shingo zikanyooka upande wangu vilevile, kisha akaanza kuvaa. Kanga ikapanda juu ya kanga. Zilipokwisha, Wizara ilikuwa imeleta nyongeza: koti la mvua, buti za jeshi, blanketi la hospitali, soksi za sufu, kofia. Nilisikia tu tarumbeta ikipanda ngazi, nikatazama nyuso.

Sijui alizivaaje. Najua kwamba soksi ya kushoto ilipokuwa inapanda, hakimu alilia waziwazi. Kofia iliwaangusha wanawake wawili huko juu roshanini. Kifungo cha mwisho cha koti la mvua kilipofungwa, ikabaki pua tu, kama nilivyoambiwa baadaye, na ukumbi ukasimama kana kwamba umeitwa na wimbo wa taifa, ila safari hii kwa hiari. Dakika ishirini na saba.

Ningeweza kuandika kumi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, fomu mapajani mwangu, na mke alikuwa wangu. Lakini nilimwona Mshamu akijifuta machozi kwa ile karatasi ya kufungia samaki, nikaandika ishirini na saba.

Kwa ripoti hiyo Mtukufu hakulala siku mbili. Ya tatu akatoa uamuzi. Mchezo wa Nguo Saba utachezwa mara moja zaidi, na malkia wa kilabu atakuwa yeye mwenyewe. Akipigiwa makofi zaidi ya dakika ishirini na saba, sheria itakuwa imetimia na Somoe atasamehewa. Asipofikisha, Somoe atapelekwa Kisiwa cha Kupumzishia Vipaji. Mwaka juzi alipelekwa huko mchekeshaji mmoja, na mpaka leo bado anapumzika.

Nilimkuta Somoe chumbani, sanduku liko wazi.

"Nani aliandika kumi na tisa?" aliniuliza.

"Saa ndiyo iliyosema."

"Saa haina mkono, Athmani. Na ishirini na saba?"

Nikaifunika saa kwa kiganja.

"Watu wote katika nchi hii wanaandika uongo," akasema. "Wa kumlinda kaka, wa kumlinda shemeji, hata wa kumlinda mtu wasiyemjua. Ilipofika kwangu ndipo ukakumbuka ukweli?"

"Walikuwa wanakutazama."

"Nao si ndio waliokuja kutazama? Wewe ulikuja kufanya nini?" Akafunga sanduku. "Nitakuwa kwa shangazi. Na kazi nimepewa: nimfundishe mzee mzima kurembua macho."

Nilitaka kusema jambo. Nilichosema ni kwamba funguo ziko juu ya kabati.

*

Siku ya Mtukufu ukumbi ulijaa kwa amri. Kikosi cha Makofi, watu mia nne, kilipangwa katikati, viganja vimepakwa mafuta ya nazi ya serikali, na agizo la kuanza pazia likifungwa. Raia waliketi pembeni. Mfukoni nilikuwa na ripoti niliyoiandika tangu asubuhi: dakika ishirini na nane. Ndiyo, ni uongo, na nilikuwa tayari kuapa juu yake mbele ya yeyote. Nilitamani Somoe ajue. Alikuwa nyuma yangu, kwenye pembe ya pazia, hatua tano kutoka kitini, akimkumbusha Mtukufu maneno ya nyimbo. Niliusikia ule udi.

Kwa kuwa Mtukufu ana vyeo vingi kuliko kanga, walikubaliana avue vyeo. Msemaji wa Ikulu alisimama na kipaza sauti kuwatangazia walioko mbali.

"Mtukufu anavua Udaktari!"

Kimya. Joho likashuka, nikausikia uzito wake. Kisha Mshamu muuza samaki, mstari wa saba, akapiga kofi moja. Mkewe akamdaka mkono. Kofi la pili likatoka upande mwingine, la tatu likatoka roshanini.

"Mtukufu anavua Ujemadari!"

Wakapiga mistari mitatu ya nyuma. Nilibonyeza saa. Ulipovuliwa Ubaba wa Mvua, wakulima walisimama, na mmoja akarusha kofia juu. Ulipovuliwa Uenyekiti wa Wanawake, wanawake walipiga vigelegele, na sijawahi kusikia vigelegele vya hiari vikiwa vingi hivyo mahali pamoja. Kikosi cha Makofi kikasahau agizo, kikapiga kabla ya pazia, kikapiga kwa nguvu kama watu wanaoua nyuki.

"Nivue tena?" Mtukufu aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya bwana harusi.

"Vua!" ukajibu ukumbi. Katika miaka yote ya utawala wake taifa halikuwahi kuwa na kauli moja namna ile.

"Mtukufu anavua Uongozi wa Kudumu!" alilia Msemaji, naye akatupa kipaza sauti ili apate mikono ya kupigia makofi.

Hakimu alilia, lakini huyo tumemzoea. Makofi hayakuwa na katikati wala mwisho. Watu walipiga, wakachoka, wakapumzika kwa zamu, wakapokezana. Saa ilisoma dakika arobaini na moja.

Yaliyofuata yalifanyika kwa utaratibu kamili. Vyeo vyote vilikuwa vimetundikwa juu ya kiti kimoja jukwaani, koti la Jemadari mbele, nishani zikitazama watu. Walinzi, ambao kwa miaka ishirini hawajainua macho juu ya nishani, waliona mchezo umekwisha na nishani zimetulia. Wakapiga saluti. Wanne wakakiinua kiti, wakashuka nacho, wakanipita, wakatoka mlango mkuu. Nikasikia ving'ora vya msafara vikiondoka.

"Mimi niko huku!" alipiga kelele mtu jukwaani.

Mlinzi wa mwisho alirudi, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe mzee ni nani?" akauliza kwa adabu, kisha akawakimbilia wenzake.

"Mpima! Ngapi? Niambie ngapi!"

Hakuna aliyemjibu, watu walikuwa wanakumbatiana. Nikaona si utu. Nikaishika ile mbao ya kiti kwa mikono miwili na, baada ya miaka kumi na minne, nikavunja Kanuni ya nne.

Nilimwona mzee mwembamba, amevaa fulana na kaptura, uso umelowa machozi na furaha. "Arobaini na moja," nikamwambia, akaketi palepale chini, akawa anairudia namba kwa vidole.

Nyuma yake alisimama Somoe. Alikuwa amejifunga kanga ya saba, nyekundu, ambayo sijawahi kuiona ingawa ilifuliwa nyumbani kwangu. Maandishi yake yalikuwa upande mmoja tu, upande wa kiti changu. Mtu aliyekaa ukumbini asingeweza kuyasoma hata akivunja shingo. Ni mtu mmoja tu katika nchi nzima aliyewekwa mahali pa kuyasoma.

TELE WANANITAZAMA, NAMNGOJA WANGU AGEUKE.

Nilisoma polepole, midomo ikitikisika, naye akaningoja mpaka nimalize.

"Umegeuka," akasema.

"Nimegeuka, Somoe. Nilikuwa nimeandika ishirini na nane, tazama, niliandika tangu asubuhi…"

Akaitazama ile karatasi, hakuipokea. "Umechelewa dakika kumi na tisa," akasema, na hakusema kwa hasira. Kisha akashuka ngazi za nyuma, kwa wenzake.

*

Koti sasa linaongoza vizuri. Linakaa kwenye kiti chake katika Baraza la Mawaziri, na Mheshimiwa Magoti anasema halijawahi kupinga jambo. Mimi si mtu wa siasa, siwezi kusema kama kuna tofauti. Naona tu hotuba zimekuwa fupi. Mzee mwenye fulana amepewa kazi ya kufagia Ukumbi wa Fahari, na humsimulia kila mgeni dakika zake arobaini na moja. Hakuna mtu mwenye raha kama yeye Pembejani.

Wasanii wa Nguo Saba walivuka mpaka. Nasikia huko walikokwenda makofi hayapimwi, yanapigwa na kupotea hivihivi. Mimi nilikigeuza kiti changu kikatazama jukwaa. Idara iliniandikia barua ya onyo, kisha ikagundua hakuna kanuni inayokataza kutazama jukwaa tupu.

Jana nilikwenda sokoni kwa Mshamu. Nilikuwa nimejiapiza sitamwuliza, nikamwuliza.

"Zile siku mbili, mlipokuwa mnanyoosha shingo upande wangu. Alikuwaje?"

"Tulitaka kuisoma ile ya saba, Bwana Makofi. Roho zilituuma, tukisema huyu jamaa ana bahati gani, kuandikiwa yeye peke yake."

"Nauliza uso. Akiimba ule wimbo wa polepole, uso wake ulikuwaje?"

Mshamu akaacha kupaa magamba, kisu mkononi. "Hukugeuka hata mara moja?"

Nikatoa pesa. Aliokota samaki mmoja, akaniuliza kama anatosha.

"Nifungie wawili," nikasema, kwa mazoea.